Lama Hakushindwa na Baghala

Vitabu vingi vya historia ya Amerika Kusini humpitia lama haraka haraka, na vikimtaja humtaja kwa upungufu wake. Hapandwi. Hakamuliwi. Hakokoti plau. Mgongoni habebi zaidi ya kilo 25 au 30, na akizidishiwa hulala chini akamtemea mate aliyemzidishia. Basi Mhispania Francisco Pizarro alipomkamata Atahualpa, mtawala wa Wainka, katika uwanja wa Cajamarca tarehe 16 Novemba 1532, akiwa na askari 168 tu, inakuwa rahisi kusema kwamba siku ile farasi alikutana na lama, na mnyama dhaifu akampisha hodari. Maelezo hayo ni mafupi na yanapendeza, lakini ushahidi wa mifupa, wa mashapo ya ziwa na wa maandishi ya Wahispania wenyewe hauyaungi mkono. Unaonyesha jambo jingine: kwamba nguvu ya lama haikuwa mgongoni mwake peke yake, ilikuwa katika ufugaji uliomzunguka. Palipokuwa na wachungaji wanaomjua, na mamlaka iliyowaacha wafanye kazi yao, lama alilisha na kuvisha mamilioni. Wachungaji walipoondolewa, mnyama yuleyule alionekana hafai.

Msomaji wa Afrika Mashariki anaweza kumfahamu lama kupitia ngamia wa Wagabra na Warendile wa kaskazini mwa Kenya, maana ni ndugu. Ukoo wao ulianzia Amerika Kaskazini mamilioni ya miaka iliyopita. Tawi moja lilivuka kwenda Asia likawa ngamia. Jingine liliteremka kusini yapata miaka milioni tatu iliyopita, na humo wakatokea guanako na vikunya, wanyama wa porini wa milima ya Andes. Undugu huo haujakatika kabisa: mwaka 1998 huko Dubai alizaliwa chotara wa kwanza wa ngamia dume na lama jike, kwa njia ya kupandikiza mbegu. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2001 ulionyesha kwamba lama ametokana na guanako, na alpaka, mdogo wake mwenye sufu laini, ametokana na vikunya. Kwa hiyo wote wawili ni kazi ya mikono ya watu, na kazi hiyo tunaweza kuikadiria ilianza lini.

Ushahidi mzito umetoka katika pango la Telarmachay, kwenye nyanda za Junín katikati ya Peru, mita 4,420 juu ya usawa wa bahari. Jane Wheeler na wenzake walichambua mifupa ya tabaka kwa tabaka. Chini kabisa kuna mifupa ya mawindo: guanako, vikunya na paa wa milimani, wa kila umri. Kadiri tabaka zinavyopanda, jamii ya lama inazidi kutawala, na kufikia miaka kama 6,000 iliyopita jambo la ajabu linatokea: mifupa ya watoto wachanga inaongezeka mno. Mwindaji hana faida ya kufukuza kitoto chenye siku tatu. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba wanyama walikuwa wameanza kulazwa zizini, na zizi lenye matope na msongamano huleta kuhara kwa bakteria kunakoua wachanga, kama kunavyowaua hata leo katika mazizi ya Andes. Yaani dalili ya kwanza ya ufugaji wa lama tuliyo nayo ni makosa ya wafugaji. Ilikuwapo kazi ya kujifunza, na ilichukua vizazi vingi.

Kujifunza kwenyewe kulihusu mambo madogo yasiyoonekana kwa mpita njia. Lama jike hubeba mimba ya miezi kumi na moja na zaidi kidogo, akazaa mtoto mmoja. Ulimi wake hauwezi kutoka nje vya kutosha kumlamba mtoto, kwa hiyo mtoto hukaushwa na jua na upepo. Ndiyo maana majike wengi huzaa asubuhi, na anayechelewa hadi jioni, kwenye baridi ya kugandisha maji, huenda akampoteza. Mchungaji lazima ajue nani amekaribia na kundi lisipelekwe mbali siku hiyo. Lama pia wana desturi ya kwenda haja mahali pamoja, na samadi yao hukusanyika chungu moja baada ya nyingine, tayari kuzolewa. Kwenye nyanda zisizo na miti samadi hiyo ni kuni. Mabondeni ni mbolea, na hapo ndipo lama alipobadilisha historia ya bara zima bila kubeba chochote.

Karibu na Ollantaytambo, katika eneo la Cuzco, kuna kiziwa kilichojaa udongo kiitwacho Marcacocha. Alex Chepstow-Lusty alichimba mashapo yake na kuhesabu vitu viwili: chavua ya mimea na mabaki ya utitiri wadogo sana wa udongoni, wasioonekana vizuri bila hadubini, ambao hula samadi. Samadi ikiwa nyingi malishoni, utitiri huwa wengi. Ikipungua, nao hupungua. Chavua inaonyesha kwamba yapata miaka 2,700 iliyopita mahindi yalianza kulimwa huko, kwenye kimo cha zaidi ya mita 3,300, na wakati huohuo utitiri wanaongezeka. Mahindi hula rutuba sana, na udongo wa mlimani ni mwembamba. Hoja ya Chepstow-Lusty ni kwamba mahindi yasingepanda juu kiasi hicho bila samadi ya lama. Wapo wanaoweza kusema kwamba vitu viwili kutokea pamoja si uthibitisho kuwa kimoja kimezaa kingine, na ni kweli. Lakini mkulima yeyote aliyepanda mahindi katika shamba lililochoka ataona mwelekeo wa hoja, na hakukuwa na mnyama mwingine wa kufugwa mwenye kutoa mbolea kwa wingi huo.

Hivyo Wainka walipojitokeza katika karne ya 15 hawakugundua ufugaji. Waliurithi na kuuwekea hesabu. Kwa maelezo ya Polo de Ondegardo, ofisa wa Kihispania aliyehoji wazee wa Cuzco, na ya padre Mjesuiti José de Acosta aliyemtegemea, makundi yaligawanywa matatu: ya dini, ya mtawala na ya jumuiya. Wanyama walitengwa kwa rangi na kuhesabiwa kwa khipu, zile nyuzi zenye mafundo, na rangi ya uzi ililingana na rangi ya mnyama. Majike hawakuchinjwa. Mnyama aliyeonekana na upele, ugonjwa wa ngozi ulioogopwa kuliko yote, alifukiwa papo hapo asije akaambukiza wenziwe. Wakati wa vita makundi yaliandamana na majeshi yakibeba chakula, na mengine yakiwa chakula chenyewe. Barabara za Wainka, zaidi ya kilomita 30,000 kwa jumla, zilipanda miteremko kwa ngazi za mawe. Ngazi hizo zilimkwaza farasi, lakini lama mwenye vidole viwili na nyayo laini alizipanda bila shida.

Hapa msomaji makini atauliza: je, huu si utawala wa mabavu uliopambwa? Wachungaji wa dola walitumikishwa, makabila yaliyoshindwa yalinyang'anywa mifugo, na lama walichinjwa kwa mamia katika matambiko. Swali ni la haki, na sioni sababu ya kuwasafisha Wainka. Huko Tambo Viejo, katika bonde la Acarí, mwaka 2020 zilitangazwa maiti za lama zilizokaushwa na mchanga, wametiwa rangi nyekundu kichwani na kufungwa nyuzi ndefu za rangi masikioni. Hawakuwa na jeraha la kisu, na Lidio Valdez aliyewafukua anaona huenda walizikwa hai. Lakini hoja yangu haisimami juu ya wema wa dola. Ustadi ulikuwapo kabla ya dola hiyo kwa maelfu ya miaka, na ushahidi mzuri wa hilo pia ni maiti zilizokaushwa. Katika kijiji cha El Yaral kusini mwa Peru, watu walioishi karne nne au tano kabla ya Wainka walizika lama na alpaka chini ya sakafu za nyumba zao, wakiwa wameuawa kwa pigo moja kati ya masikio. Ukavu wa jangwa ulihifadhi ngozi na sufu. Wheeler alipopima unyoya kwa unyoya, alikuta sufu nyembamba kuliko ya mifugo mingi ya leo na, la muhimu zaidi, yenye unene mmoja mwili mzima. Sufu ya namna hiyo haiji kwa bahati. Inatokana na watu waliochagua dume gani apande jike gani, kizazi baada ya kizazi, na mafanikio hayo yamepotea kiasi kwamba wafugaji wa kisasa wanatamani kuyarudia.

Yalipoteaje? Kati ya 1532 na mwishoni mwa miaka ya 1540 mambo matatu yalitokea kwa mpigo. Askari walichinja walivyotaka. Pedro Cieza de León, aliyezunguka nchi hiyo akiwa askari na mwandishi, alisikitika kuona makundi yaliyojaa mabondeni yamekuwa machache. Vita vya Wahispania wao kwa wao viliendelea juu ya ardhi ileile. Kisha, yapata mwaka 1544, ukaja upele, na Garcilaso de la Vega, mwana wa binti wa kifalme wa Kiinka na nahodha wa Kihispania, aliandika kwamba theluthi mbili za mifugo iliangamia. Wanaomwona lama mnyama mnyonge hukimbilia hapa: ugonjwa ni ugonjwa, watasema, ungekuja tu. Labda. Ila upele haukuwa mgeni kwa wachungaji. Walikuwa na kanuni yake, nayo ilikuwa kali. Kanuni hiyo ilihitaji mtu wa kukagua kundi, mwenye mamlaka ya kumfukia mnyama wa mtu mwingine na akatiiwa. Baada ya Cajamarca mtu huyo ama amekufa, ama amekimbia, ama amepelekwa kumtumikia bwana mpya asiyejua khipu wala kundi.

Tungekuwa na njia ya kulipima dai hili, ingekuwa kutafuta mahali ambapo mamlaka ya wenyeji juu ya mifugo haikuvunjwa yote, na kuona kilichotokea huko. Mahali hapo papo. Walupaqa, walioishi kando ya ziwa Titicaca na makao yao makuu yakiwa Chucuito, hawakugawiwa kwa Mhispania binafsi kama jamii nyingine; waliwekwa moja kwa moja chini ya mfalme wa Hispania, na machifu wao waliendelea kutawala. Mwaka 1567 mkaguzi Garci Diez de San Miguel alitumwa kuwahesabu. Miaka 35 ilikuwa imepita tangu Cajamarca, zaidi ya ishirini tangu upele, na bado alikuta jamii tajiri wa mifugo, yenye makundi ya jumuiya na makundi ya watu binafsi. Shahidi mmoja alidai kwamba mtu aitwaye Juan Alanoca peke yake alikuwa na wanyama zaidi ya 50,000. Idadi hiyo huenda imetiwa chumvi, na mashahidi wa kodi huwa na sababu zao za kutaja mali ya jirani. Hata tukiigawa kwa kumi, inabaki kwamba hewa ileile, nyasi zilezile na upele uleule havikuwamaliza lama wa Chucuito.

Pingamizi kubwa kuliko yote ni baghala, yaani nyumbu chotara wa punda na farasi. Yeye hubeba mzigo wa lama wanne, huenda mbali zaidi kwa siku, na katika karne zilizofuata maelfu kwa maelfu yao walipandishwa kutoka nyanda za Argentina kupitia masoko ya Salta. Je, si soko lenyewe lililoamua? Jibu liko Potosí. Fedha iligunduliwa huko mwaka 1545, kwenye kimo cha mita 4,000, na utajiri ulioitikisa Ulaya ulishuka kuelekea bandari ya Arica migongoni mwa lama. Acosta, ambaye kitabu chake kilichapishwa mwaka 1590, aliona misafara ya mamia ya lama, mingine ikifika elfu, imebeba mikuo ya fedha kwa maelfu, bila ulinzi mwingine ila Wahindi walioiongoza na pengine Mhispania mmoja au wawili. Alipiga hesabu kama mfanyabiashara: lama hahitaji viatu vya chuma, hahitaji tandiko, hahitaji shayiri, jioni anashushiwa mzigo na kula nyasi za njiani. Baghala alihitaji vyote hivyo. Alishinda pale palipokuwa na mtaji wa kumnunulia vitu hivyo, na pale ambapo mtu wa kuongoza lama alikuwa adimu, kwa kuwa idadi ya Wahindi wa Andes ilikuwa ikiporomoka kwa maradhi na wanaume wakipelekwa machimboni kwa zamu za lazima. Msafara wa lama hula watu zaidi kuliko nyasi: kila kundi dogo lataka mtu wake, wa kufunga na kufungua mizigo asubuhi na jioni. Watu walipokwisha, lama akaonekana ghali.

Acosta ameacha pia maelezo ya kinachotokea mnyama anapochoka na kugoma. Hulala chini na mzigo wake, na hapo unaweza kumkata vipande asiinuke. Mchungaji wa Kihindi, asema padre, hukaa chini kando yake, akambembeleza na kumpapasa mpaka hasira zimtoke, na wakati mwingine husubiri saa mbili au tatu. Acosta alikiona kisa hicho kuwa cha kuchekesha kidogo. Mimi nakiona kuwa ndicho kiini cha teknolojia yenyewe. Fimbo na kelele, zinazomfaa punda, hazikumfaa mnyama huyu, na mwendesha msafara asiyekuwa na subira hiyo alifika Arica na lama wachache na fedha iliyobaki njiani.

Athari moja ya kuvunjika kwa ufugaji imetupotosha hadi leo. Tunaamini lama ni mnyama wa milimani tu. Lakini Melody na Izumi Shimada walionyesha mwaka 1985, kwa mifupa na samadi kutoka maeneo ya kale ya pwani ya kaskazini mwa Peru, kwamba lama walizaliwa na kulelewa huko chini, karibu na bahari, kwa karne nyingi. Waliondoka pwani kwa sababu watu wa pwani ndio walioangamia mapema na kwa wingi zaidi, na malisho yao yakachukuliwa na ng'ombe, mbuzi na mashamba ya miwa. Waliobaki juu, ambako Mhispania hakupenda kuishi, ndio tuliowarithi, na Bolivia ndiyo yenye lama wengi kuliko nchi yoyote. Katika karne ya 20 malori yalichukua sehemu kubwa ya misafara ya chumvi na mahindi, na hilo sina haja ya kulipinga. Lori linamshinda baghala pia.

Mtu anaweza kunikatiza kwa mfano wa Marekani, ambako lama amestawi bila wachungaji wa Andes. Aliingia huko akiwa pambo: tajiri wa magazeti William Randolph Hearst aliwafuga kwenye bustani yake ya wanyama huko San Simeon, California. Mwaka 1930 sheria ilizuia kuingiza wanyama kutoka nchi zenye ugonjwa wa miguu na midomo, na wale wachache waliokwisha kuingia wakawa mbegu ya makundi yaliyofuata. Miaka ya 1980 walikuwa biashara ya wenye fedha, dume mmoja akiuzwa kwa makumi ya maelfu ya dola, si kwa kazi wala sufu, ila kwa matumaini kwamba mnunuzi wa kesho atalipa zaidi. Matumaini hayo yaliisha. Sensa ya kilimo ya mwaka 2002 ilihesabu lama zaidi ya 140,000. Ile ya 2012 ilihesabu kama 76,000. Wengi walitelekezwa na wenye mashamba waliokwishachoka nao. Nchi yenye malisho tele na madaktari wa mifugo kila wilaya ilipunguza lama wake karibu nusu kwa miaka kumi, bila vita na bila upele.

Alipofaulu huko, alifaulu kwa watu waliomsoma tabia. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 William Franklin na wenzake wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Iowa waliwahoji wafugaji 145 wa kondoo waliokuwa wakitumia lama kama mlinzi dhidi ya koyote, mbweha mkubwa wa huko. Hasara ya kondoo kwa mwaka ilikuwa imeshuka kutoka asilimia 21 hadi asilimia 7. Lama humwona koyote mapema, hutoa mlio wa hatari, humkimbiza na kumpiga mateke. Ila kulikuwa na sharti ambalo wafugaji walilijua kwa kujaribu: dume mmoja aliyehasiwa, peke yake. Wakiwekwa wawili, huambatana wao kwa wao na kondoo wanabaki bila mlinzi. Lama hulinda wale anaowaona kuwa kundi lake, na mfugaji ndiye anayemchagulia kundi.

Tabia hiyohiyo ndiyo iliyowaadhibu walionunua lama kama kipenzi cha nyumbani. Kitoto dume, kizuri cha macho na kope ndefu, kilitengwa na mama yake mapema, kikanyweshwa maziwa kwa chupa na kukumbatiwa na watoto wa nyumba. Alipofika umri wa kupanda majike, mwaka wa pili au wa tatu, alimwendea mwenye nyumba kama dume anavyomwendea dume mpinzani: kifua mbele, akimgonga na kumwangusha, akimng'ata magoti. Dume mzima ana kilo 150 au zaidi. Katika Andes kitoto hubaki na mama na kundi, na huguswa na watu siku za kutiwa vishada masikioni na siku za kazi, si kila saa. Madaktari wa mifugo wa Marekani sasa wanashauri vivyo hivyo: kitoto dume kiachwe kundini, na kikilazimika kulishwa kwa chupa kirudishwe kwa wenziwe upesi na kihasiwe mapema. Kwa wale ambao ushauri ulichelewa mara nyingi hapakuwa na tiba, wakauawa kwa kumwona mfugaji wao kuwa lama mwenzao.